Jiwe linalochemka: historia ya zeoliti na petroli unayoweka kwenye gari

Haya wasomaji, leo mnivumilie kidogo. Mmezoea kunikuta hapa nikizungumzia lugha za programu, seva na hifadhidata, na najua wapo wanaodai sehemu ya tatu ya lile somo la PHP. Inakuja. Lakini kwa majuma kadhaa nimekuwa nikisoma historia ya kitu ambacho hakina uhusiano wowote na tarakilishi, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona kinafanana na kazi yetu: mfumo uliojengwa zamani, ukabandikwa viraka miaka sitini, kila kiraka kikitatua tatizo moja na kuzaa jingine, na mpaka leo unafanya kazi usiku na mchana bila watu wengi kujua kwamba upo.

Swali lililonipeleka huko ni la nyumbani. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, kilianza kazi mwaka 1963 na kikaacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013. Ukiuliza kwa nini kilikufa utapewa majibu mengi: bei, siasa, umeme, wauzaji wa mafuta waliotaka kuagiza yaliyokwisha kusafishwa. Yote yana ukweli wake. Jibu la fundi lakini ni fupi zaidi: Changamwe haikuwa na kinu cha kuvunja.

Kuvunja nini? Hapa tuanze polepole. Mafuta ghafi ni mchanganyiko wa molekuli za kaboni na hidrojeni, nyingine fupi, nyingine ndefu mno. Za petroli zina atomu za kaboni tano hadi kumi na mbili hivi. Dizeli ni ndefu zaidi. Halafu zipo zenye kaboni thelathini, arobaini na kuendelea, nzito na nyeusi. Ukiyachemsha mafuta ghafi kwenye mnara, kila kundi hupanda na kutoka kwenye ghorofa yake: gesi juu, petroli, mafuta ya taa, dizeli, na chini kabisa unabaki uji mzito. Mnara huo unatenganisha tu. Haubadilishi kitu. Kama mafuta uliyonunua yana uji mwingi, basi utapata uji mwingi, upende usipende.

Changamwe ilikuwa kiwanda cha aina hiyo. Ilitenganisha, ikaondoa salfa, ikaboresha petroli iliyokuwemo tayari, na sehemu kubwa ya kila pipa ikabaki mafuta mazito ya kuuzia meli, vituo vya umeme na viwanda vya saruji. Shida ni kwamba kwa kawaida mafuta mazito huuzwa kwa bei ya chini kuliko mafuta ghafi yaliyoyazaa. Yaani unanunua gunia la mahindi, unasaga, halafu karibu nusu yake unaiuza kwa bei ya pumba. Kiwanda chenye kinu cha kuvunja huchukua hizo pumba na kuzigeuza unga.

Kuvunja kwa moto pekee kulianza kibiashara mwaka 1913, kwa njia ya Mmarekani William Burton. Ilifanya kazi, lakini moto hauchagui. Unapasua molekuli popote, unatoa gesi nyingi, masizi mengi, na petroli inayofanya injini igonge. Aliyeleta jibu bora alikuwa Mfaransa mmoja mpenda magari ya mashindano.

Eugène Houdry alizaliwa mwaka 1892 karibu na Paris, akasomea uhandisi, akajeruhiwa kwenye vifaru vya Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza. Nchi yake haikuwa na mafuta, ilikuwa na makaa hafifu ya ardhini, na Houdry akataka kuyageuza kuwa petroli. Mwaka 1929 kiwanda chake cha majaribio kilikuwa kikimeza tani 60 za makaa kwa siku. Petroli ilitoka, ila gharama ilizidi faida na serikali ikaacha kumfadhili. Katika kujaribu vichocheo vingi, moja baada ya kingine, alikuwa amegundua jambo: udongo uliooshwa kwa asidi huvunja mafuta mazito na kutoa petroli nzuri kuliko moto mtupu. Udongo! Aina ileile ya kitu anachofinyangia mtu chungu.

Kichocheo, kwa waliosahau kemia ya sekondari, ni kitu kinachoharakisha badiliko bila chenyewe kuliwa. Udongo wa Houdry ulikuwa na tabia moja mbaya: baada ya dakika chache hufunikwa na masizi ya kaboni na kuacha kufanya kazi. Wengi kabla yake waliishia hapo. Houdry akaamua kuyachoma yale masizi palepale kwa hewa ya moto, udongo ukawa mpya tena. Alipanga vyombo vitatu kwa zamu: kimoja kinavunja, kingine kinasafishwa, cha tatu kinachomwa masizi, na vali zinabadilisha zamu kila baada ya dakika kumi hivi. Alihamia Marekani mwaka 1930. Kinu cha kwanza kikasimama Paulsboro, New Jersey, mwaka 1936, kikifuatwa na kikubwa zaidi cha Marcus Hook, Pennsylvania, mwaka 1937. Vita ya Pili ilipoanza, vinu vyake vilikuwa tayari vinatoa petroli ya ndege.

Kampuni ya Standard Oil ya New Jersey haikutaka kumlipa Houdry, ikatafuta njia yake. Wazo walilopata nalipenda sana: badala ya kuzungusha vali, zungusha kichocheo chenyewe. Saga udongo uwe unga laini, upulizie gesi kutoka chini kwa kasi inayotakiwa, na ule unga utaanza kutiririka kama maji. Unaweza kuupitisha kwenye mabomba. Unga unakutana na mafuta upande mmoja, unavunja, unachafuka, unatiririka upande wa pili, unachomwa masizi, unarudi. Na joto la kuchoma masizi ndilo linaloendesha kazi ya kuvunja. Uchafu umekuwa kuni! Kinu cha kwanza cha namna hii kiliwashwa Baton Rouge, Louisiana, mwezi Mei 1942. Vinu vya leo ni wajukuu wake wa moja kwa moja.

Kwa hiyo mashine ilikuwepo. Kilichokuwa ndani yake, yaani ule unga, ulikuwa bado udongo ulioboreshwa: mchanganyiko wa silika na alumina usio na mpangilio wowote, vitundu vyake vikubwa na vidogo vimetapakaa ovyo. Sasa ndipo jiwe letu linapoingia.

Mwaka 1756 mtaalamu wa madini wa Uswidi, Axel Cronstedt, alipasha moto jiwe fulani akaliona linatoa povu na mvuke kana kwamba linachemka. Akaliita zeoliti, kutoka maneno ya Kigiriki ya kuchemka na jiwe. Maji yaliyotoka yalikuwa yamejificha ndani ya vitundu vidogo sana vya fuwele. Hiyo ndiyo siri ya zeoliti: ni fuwele ya silikoni, alumini na oksijeni iliyojengwa kama nyumba yenye vyumba na milango inayolingana. Milango ina upana uleule katika fuwele nzima, chini ya nanomita moja. Molekuli inayotosha mlangoni inaingia. Isiyotosha inabaki nje. Sisi wanaprogramu tungesema ni kichungi kilichoandikwa kwa atomu.

Kwa karibu miaka mia mbili zeoliti zilikaa kwenye kabati za makumbusho. Aliyezisoma kwa bidii katika miaka ya 1930 na 1940 ni Richard Barrer, mzaliwa wa New Zealand aliyefanya kazi Uingereza. Halafu mwishoni mwa 1949, Robert Milton wa kampuni ya Union Carbide, jimbo la New York, akaanza kuzitengeneza. Kampuni yake ilikuwa ikitenganisha gesi za hewa na ilitaka kichungi bora. Wengine walikuwa wakipika zeoliti kwa joto kali na shinikizo kubwa, kama mtu anayeiga volkano. Milton alienda kinyume: akachukua rojo laini la silika na alumina ndani ya alkali kali, akaliacha kwenye joto lisilozidi la maji yanayochemka. Fuwele zikaota zenyewe.

Hapa niwape kijipande cha kwetu. Alkali kali, majivu ya volkano, na subira: si ndiyo Ziwa Magadi? Wanajiolojia wamekuta zeoliti kwenye matabaka ya Magadi na ya Olduvai upande wa Tanzania, zilizojiunda kwenye matope ya magadi kwa njia inayofanana sana na ya chungu cha Milton. Bonde la Ufa limekuwa likipika kitu hiki kabla binadamu hajajua kuwasha moto. Zeoliti za huko si zile zinazotumika kuvunja mafuta, tusije tukaanza kugombania mashamba :-) lakini upishi ni wa ukoo mmoja.

Milton alipata zeoliti A, ambayo leo imo kwenye sabuni nyingi za unga kwa ajili ya kulainisha maji, na zeoliti X. Mwenzake Donald Breck akaleta zeoliti Y. X na Y zina umbo moja na jiwe adimu la asili liitwalo faujasaiti: vyumba vikubwa vya duara vilivyounganishwa kwa milango ya karibu nanomita 0.74. Tofauti ni kwamba Y ina silikoni nyingi zaidi na alumini kidogo, na jambo hilo linaloonekana dogo litakuja kuamua kila kitu. Kwenye kikundi hicho alikuwemo pia Edith Flanigen, mkemia aliyeingia kampuni mwaka 1952 na kushughulikia Y hadi ikafaa viwandani. Alipata hataza zaidi ya mia moja maishani mwake, na mwaka 2014 Rais Obama (ndiyo, wetu) alimvisha nishani ya taifa ya teknolojia.

Bado hakuna aliyeziweka kwenye kinu cha kuvunja. Ila kemia ilikuwa inaashiria. Kila mahali ambapo atomu ya alumini inakalia kiti cha silikoni, fuwele inabaki na chaji hasi moja isiyo na mwenzake. Zeoliti ikitoka kwenye chungu, kiti hicho huwa kimekaliwa na sodiamu. Ukiing'oa sodiamu na kuweka hidrojeni, umepata asidi kali iliyofungwa ndani ya jiwe. Na asidi ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi kwenye udongo wa Houdry siku zote. Tofauti ni kwamba kwenye udongo asidi zilikuwa chache na zimetawanyika, kwenye zeoliti zimepangwa safu kwa safu.

Waliofaulu ni wawili wa kampuni ya Socony Mobil, Charles Plank na Edward Rosinski. Plank alizaliwa Calcutta, India, mwaka 1915, akasoma hesabu na fizikia kabla ya kemia. Tatizo walilokutana nalo lilikuwa mvuke. Kumbuka unga unachomwa masizi kila mzunguko, kwenye joto la karibu nyuzi 700. Masizi yana hidrojeni, hidrojeni ikiungua inatoa maji, na mvuke wa joto hilo unazing'oa alumini kutoka kwenye nyumba yake. Zeoliti yenye sodiamu au hidrojeni peke yake ilikuwa inaporomoka. Plank na Rosinski wakatia kwenye vile viti madini adimu, lanthanamu na seriamu na ndugu zake. Atomu hizo zina chaji tatu, zinashikilia kuta kwa nguvu, na fuwele ikastahimili mvuke. Bidhaa ilianza kutumika mwaka 1962, hataza zikatoka 1964.

Matokeo yalikuwa ya kuchekesha kwa namna fulani. Mwaka 1966 Paul Weisz na wenzake wa Mobil walichapisha vipimo vya maabara vikionyesha kwamba baadhi ya zeoliti zilivunja molekuli ya heksani zaidi ya mara elfu kumi kuliko ule udongo wa zamani. Kichocheo kilikuwa kikali kupita kiasi! Ikabidi kizimuliwe: kiasi kidogo cha zeoliti ndani ya udongo wa kawaida, kama pilipili kwenye mchuzi. Mpaka leo ile chembe ya unga, yenye upana wa takriban sehemu saba za mia za milimita, ni fuwele za zeoliti zilizofungwa ndani ya udongo na gundi. Udongo nao una kazi: unazipokea molekuli kubwa mno zisizotosha mlangoni na kuzikata kwanza.

Halafu mashine yenyewe ikawa tatizo. Vinu vya zamani vilijengwa kwa kichocheo kivivu. Mafuta yalikaa kwenye kitanda cha unga muda mrefu. Kwa zeoliti, ukiyaacha muda huo petroli iliyokwisha kupatikana inavunjwa tena kuwa gesi. Basi wahandisi wakatupa kitanda, wakaweka bomba refu la kusimama. Unga wa moto na mafuta vinakutana chini, vinapaa juu pamoja kwa sekunde mbili hadi nne, vinatenganishwa. Kazi imekwisha. Wenzangu mliowahi kubadilisha injini ya hifadhidata halafu mkajikuta mnaandika upya programu nzima inayoizunguka, mnaielewa hali hiyo. Kabla ya mwisho wa muongo vinu vingi vya Marekani vilikuwa vimehamia kwenye zeoliti.

Sasa tufike kwenye risasi. Tangu miaka ya 1920 petroli ilikuwa ikitiwa risasi ili injini isigonge. Risasi ni sumu ya ubongo, hasa kwa watoto. Houdry mwenyewe alitengeneza kifaa cha kusafisha moshi wa magari kwa kichocheo katika miaka ya 1950, lakini hakikuwezekana kutumika kwa sababu risasi ilikiua. Akafariki 1962 bila kukiona barabarani. Marekani ilipoamua kwamba magari ya mwaka 1975 yawe na vifaa hivyo, petroli bila risasi ikawa lazima, na swali likawa: okteni itatoka wapi?

Ndipo ikaonekana kwamba kiraka cha Plank na Rosinski kilikuwa na gharama iliyofichika. Zeoliti iliyojaa madini adimu ina asidi nyingi zilizokaribiana. Molekuli mbili zikikutana mle ndani zinagawana hidrojeni, na zile zenye okteni nzuri hugeuka kuwa zenye okteni mbaya. Petroli nyingi, lakini dhaifu. Jibu lilikuwa limeshaandaliwa na Carl McDaniel na Philip Maher wa kampuni ya W. R. Grace, waliolitangaza mwishoni mwa miaka ya 1960. Wao walimtumia yule adui mvuke kwa makusudi. Chukua zeoliti Y, ondoa sodiamu, ipike kwa mvuke kwa utaratibu uliopimwa. Sehemu ya alumini inang'oka, silikoni zinahamia kwenye nafasi zilizoachwa, nyumba inasinyaa kidogo na kuwa imara kuliko mwanzo. Asidi zinabaki chache na zimetengana. Wakaiita Y imara. Kwangu mimi hii ndiyo hatua nzuri kuliko zote katika hadithi nzima, kwa sababu hawakuongeza chochote. Waliiharibu zeoliti mapema kwa nidhamu, kabla kinu hakijaiharibu ovyo.

Upande wa Mobil, Robert Argauer na George Landolt waliomba hataza ya zeoliti nyingine mwaka 1969, wakaipata 1972: ZSM-5, maana yake zeoliti ya Socony Mobil namba tano. Milango yake ni myembamba, kama nanomita 0.55. Molekuli nyoofu inapita, yenye matawi inakwama. Bahati nzuri ni kwamba molekuli nyoofu ndizo zenye okteni mbaya. Ukitia ZSM-5 kidogo kwenye kinu pamoja na Y, inazitafuna zile mbaya na kuziacha nzuri, na inachotema ni gesi ya propilini, malighafi ya plastiki. Viti vyeupe vya harusini na magunia ya sukari vina asili hiyo kwa sehemu. ZSM-5 ilifanya na kazi nyingine: New Zealand, kuanzia 1985, iliitumia kugeuza methanoli iliyotokana na gesi asilia kuwa petroli kamili.

Kwetu risasi ilichelewa kuondoka. Kenya na nchi nyingine za kusini mwa Sahara ziliiacha mwanzoni mwa mwaka 2006. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, Julai 2021, na waliotangaza ni shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, wenye makao pale Gigiri.

Viraka havikuishia hapo. Viwanda vilipoanza kuvunja mafuta mazito zaidi, vilileta nikeli na vanadiamu zilizomo ndani yake. Nikeli inakaa juu ya unga na kuzalisha masizi na gesi. Ikagundulika katika miaka ya 1970 kwamba antimoni kidogo inaituliza. Vanadiamu ni mbaya zaidi, ikikutana na mvuke inaitafuna zeoliti yenyewe. Ndiyo maana kinu kikubwa hutoa tani kadhaa za unga mchovu kila siku na kutia mpya bila kuzimwa.

Kisha yakaja ya 2010. Kila aliyewahi kutegemea maktaba ya programu inayotunzwa na mtu mmoja atatambua kisa hiki. Karibu madini adimu yote duniani yalikuwa yakitoka China, na China ikapunguza kiasi cha kuuza nje. Oksidi ya lanthanamu, iliyokuwa dola chache kwa kilo, ikapita dola 100 katikati ya 2011. Wasafishaji wa mafuta duniani kote wakagundua ghafla kwamba petroli yao inategemea madini ambayo wengi wao hawakuwahi kuyataja kwenye kikao. Watengenezaji wa vichocheo wakakimbilia maabara, wakapunguza lanthanamu, wengine wakauza vichocheo visivyo nayo kabisa. Bei ilipoanguka, wengi walirudi kwenye lanthanamu. Sijashangaa.

Tatizo linaloshughulikiwa sasa ni la milango. Vyumba vya Y ni vizuri, lakini molekuli kubwa hazifiki, na zilizofika huchelewa kutoka na kugeuka masizi. Javier García-Martínez na Jackie Ying, wakiwa MIT, walipata njia ya kutumia viambato vya aina ya sabuni kufungua barabara pana ndani ya fuwele bila kuibomoa. Kampuni ya Rive ilianzishwa mwaka 2006 kuuza wazo hilo, na Grace wakainunua 2019.

Nirudi Changamwe kidogo. Mwaka 2009 kampuni ya Essar ya India ilinunua nusu ya hisa, na mpango ulikuwa kukiboresha kiwanda, kinu cha kuvunja kikiwemo. Hesabu ilihitaji zaidi ya dola bilioni moja kwa kiwanda kidogo, huku kule Jamnagar, India, kuna kiwanda kinachosafisha zaidi ya mapipa milioni moja kwa siku. Mwaka 2013 wakasema hailipi. Nadhani walisema kweli. Wakati wa kujenga kinu hicho ulikuwa miaka ya 1980, mashindano yalipokuwa bado si makali. Tangu 2023 matangi ya Changamwe yako chini ya kampuni ya bomba la mafuta, na Kenya hununua mafuta yaliyosafishwa tayari kutoka kwa kampuni za Saudi Arabia na Falme za Kiarabu. Abu Dhabi, walikotoka wauzaji wa mafuta ghafi ya Murban tuliyokuwa tukiyasafisha Mombasa, wana kinu cha kuvunja pale Ruwais chenye uwezo wa mapipa 127,000 kwa siku. Uji uliokuwa ukitushinda sisi, wao wanaufanya petroli na propilini.

Na sasa habari ya tarakilishi, maana najua mlikuwa mnaingoja. Mwaka 2011 Michael Deem na wenzake walichapisha hifadhidata ya zeoliti zinazowezekana kihesabu, zilizotafutwa kwa programu iliyokuwa ikiazima muda wa mashine nyingi zisizo na kazi. Walipata zaidi ya milioni 2.6. Orodha rasmi ya kimataifa ya zile zilizopatikana kweli, za asili na za kutengenezwa, ina miundo zaidi ya 250 tu. Kati ya hizo, zinazovunja mafuta kwenye vinu vya dunia ni hasa mbili: ile Y ya miaka ya 1950, na ZSM-5.